Mwongozo kamili wa kuchagua matairi ya baiskeli ya milimani kwa safari za lami na njia za vumbi Mombasa

Mtu anayetoka Kiembeni asubuhi kwa baiskeli kwenda kazini Kisiwani hukanyaga karibu kila aina ya ardhi inayopatikana pwani: mchanga wa vichochoroni, moramu iliyochimbika kwa mvua, kabro, lami ya barabara ya Malindi, maungio ya Daraja la Nyali, kisha lami tena, safari hii ikiwa imelainika kwa kusuguliwa na magari mchana na usiku. Baiskeli ya milimani huimudu safari ya namna hii, lakini matairi inayouzwa nayo mara nyingi hayaifai, kwa sababu yaliundwa kwa ajili ya matope na miteremko. Meno yake ni marefu na yameachana, hunguruma kwenye lami, humchosha mwendeshaji bure, na huisha katikati mapema. Wengine hukimbilia upande wa pili kabisa, wakafunga matairi membamba yasiyo na meno, wakaifurahia lami, kisha mchanga mzito wa kwanza ukawaangusha.

Tairi la katikati ya hizo pande mbili lipo, na kulipata hakutegemei bahati. Huchaguliwa kwa kuanzia na njia unayopita wala si kwa kuanzia na kile kinachoning'inia dukani, na katika kulichagua, upana wa tairi pamoja na presha utakayoitia huamua mengi kuliko urefu wa meno. Hilo la pili wauzaji wengi hawalielezi, ndiyo maana nitalirudia mara kadhaa.

Hatua ya kwanza: ipime njia yako

Kabla ya kwenda dukani, pita njia zako za kawaida ukiwa na nia moja tu, nayo ni kujua sehemu gani ya safari ni ngumu chini ya gurudumu, yaani lami, saruji na kabro, na sehemu gani ni legevu, yaani mchanga, moramu, majani makavu na udongo. Usikadirie kwa kumbukumbu, kwa kuwa sehemu mbaya hukaa akilini kuliko sehemu nzuri, na anayevuka mita mia tatu za mchanga kila siku huweza kudhani kwamba nusu ya safari yake ni mchanga.

Ikiwa robo tatu ya safari au zaidi ni ngumu, tafuta tairi lenye mstari wa katikati ulioshikana na meno mafupi pembeni. Ikiwa ni nusu kwa nusu, tafuta lenye meno mafupi, madogo, yaliyosongamana tairi zima. Ikiwa sehemu kubwa ni legevu, nunua tairi halisi la milimani na ukubali kwamba kwenye lami utatumia nguvu zaidi. Baada ya hapo jiulize kama ile sehemu mbaya kuliko zote unaweza kuizunguka, au kushuka na kusukuma kwa dakika moja. Ikiwa unaweza, isiachwe ikuamulie tairi. Ikiwa huwezi, kwa mfano ni mteremko wa mawe unaoupita kila siku ukiwa na mzigo au mtoto nyuma, basi hiyo ndiyo inayoamua, hata kama ni fupi.

Ardhi za Mombasa zina tabia zake, na inafaa kuzijua moja moja. Kabro ikiwa kavu haina shida yoyote, lakini katika vichochoro vya Mji wa Kale ambako jua halifiki vizuri, wakati wa masika huota ukungu wa kijani unaoteleza, na hapo meno ya tairi hayasaidii kitu; kinachoshika ni ulaini wa mpira wenyewe na presha isiyo kubwa. Hali ni hiyo hiyo kwenye sakafu na milango ya chuma ya feri ya Likoni inapolowa.

Kaskazini, kuanzia Nyali hadi Shanzu, udongo ni mwembamba na chini yake kuna jiwe la matumbawe, ambalo hutokeza kingo kali zinazokata ubavu wa tairi kwa urahisi kuliko zinavyotoboa uso wake. Katika njia za msitu wa Bamburi, ambako mivinje ilianza kupandwa mwaka 1971 kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji, sindano zilizoanguka hulifunika jiwe hilo na kulifanya litelezeshe kwenye kona, ingawa kwa macho panaonekana kama zulia. Upande wa bara, Jomvu na Miritini, udongo ni wa mfinyanzi. Wakati wa kiangazi ni mgumu kama lami, na mvua ikinyesha hunata, hujaa kati ya tairi na fremu, na gurudumu hukataa kuzunguka. Kusini, ukishavuka na kupanda kuelekea Kwale na Shimba Hills, unakutana na udongo mwekundu wenye changarawe, na huko ndiko mteremko halisi ulipo.

Mchanga uko kila mahali. Ule wa ufuoni maji yakitoka huwa mgumu na unaendesheka vizuri, ila ule mkavu wa juu na ule wa mitaani humeza gurudumu. Dawa yake ni tairi pana lenye upepo kidogo, kama unyayo wa ngamia wa ufuoni, unaotanuka badala ya kuchimba.

Fikiria pia majira. Mvua kubwa ya Mombasa huja kati ya Aprili na Juni, na mwezi wa Mei ndio wenye mvua nyingi kuliko yote. Kwa maoni yangu hakuna haja ya kununua tairi la matope kwa ajili ya majuma hayo machache. Ni bora kubadilisha njia kwa muda kuliko kuburuta meno marefu kwenye lami mwaka mzima.

Hatua ya pili: soma namba ya ubavuni

Makosa ya saizi ndiyo yanayopoteza pesa kwa haraka zaidi, hasa kwa baiskeli za mtumba ambazo huingia nchini zikiwa na vipimo vya kila aina. Kila tairi lina namba mbili au tatu ubavuni. Zile za inchi, kama 26 x 2.10, ndizo zinazotajwa dukani, lakini ya kutegemewa ni ile yenye kistari, kwa mfano 54-559, iliyowekwa na kiwango cha kimataifa cha ISO 5775. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, na ya pili ni kipenyo cha mahali tairi linapokalia rimu. Hii ya pili lazima ilingane kabisa na rimu yako.

Kwa baiskeli za milimani kuna vipenyo vitatu vya kukumbuka: 559 ni ile inayoitwa inchi 26, 584 ni inchi 27.5, na 622 ni inchi 29, ambayo ni kipenyo kile kile cha baiskeli za barabarani za 700C. Hatari iko kwenye inchi 26. Tairi la 26 x 1.75, lililoandikwa kwa nukta, ni la 559. La 26 x 1 3/4, lililoandikwa kwa sehemu, ni la 571. Na la 26 x 1 3/8, la baiskeli za kike za zamani, ni la 590. Yote matatu yataitwa "tairi la ishirini na sita", lakini hakuna hata moja linaloweza kukaa kwenye rimu ya mwenzake. Fundi akikuambia, "Hili litaingia tu, kaka," mwombe akuonyeshe ile namba yenye kistari kabla hajashika pampu. Tairi la Black Mamba, ile baiskeli nzito ya mizigo, 28 x 1 1/2, ni la 635 na haliingii kwenye baiskeli ya milimani ya aina yoyote.

Ikiwa tairi la zamani limefutika, tafuta namba hiyo kwenye rimu, ambako mara nyingi huwa imechapwa au kubandikwa karibu na tundu la valvu.

Hatua ya tatu: chagua upana

Kwa safari mchanganyiko za Mombasa ningechagua upana kati ya inchi 1.9 na 2.25, yaani karibu milimita 48 hadi 57. Chini ya hapo unapoteza uwezo wa kupita mchangani na unalazimika kujaza upepo mwingi ili rimu isigonge mawe. Juu ya hapo unabeba uzito ambao lami haina kazi nao. Ukilazimika kuchagua kati ya tairi jembamba lenye meno makubwa na tairi pana lenye meno mafupi, chukua lile pana. Litakupitisha kwenye mchanga na kwenye mashimo vizuri zaidi, na kwenye lami halitakuchosha.

Upana huo hukaa vizuri kwenye rimu ambayo ndani yake ni milimita 19 hadi 25. Rimu nyembamba ya milimita 17 inaweza kubeba tairi la 1.95, lakini tairi la 2.25 juu yake litayumba kwenye kona upepo ukipungua.

Pima pia nafasi ya fremu. Chukua penseli ya kawaida, ambayo unene wake ni karibu milimita 7, na uipitishe kati ya tairi ulilonalo na fremu, pande zote mbili, kisha chini ya daraja la uma wa mbele na chini ya madigadi. Penseli ipite kwa urahisi hata baada ya tairi jipya kufungwa. Kutoka 1.95 kwenda 2.25, kila upande utapungua kwa milimita tatu au nne, lakini kwenda juu tairi litapanda kwa karibu tofauti yote, yaani milimita saba, na hapo ndipo wengi hushtukia tairi likisugua madigadi. Anayepita Jomvu wakati wa mvua aache nafasi kubwa zaidi ya hiyo.

Hatua ya nne: yaangalie meno

Kuna dhana kwamba meno na mifereji huzuia baiskeli kuteleza kwenye lami yenye maji. Kwa gari ni kweli, kwa sababu tairi la gari ni pana na bapa na gari huenda kasi, hivyo maji yanahitaji mahali pa kukimbilia. Tairi la baiskeli ni jembamba na la mviringo, huyasukuma maji pembeni lenyewe, na kwa kasi ya kawaida ya baiskeli halielei juu ya maji. Kwenye lami iliyolowa kinachokushikilia ni mpira unaogusa ardhi, na kadiri meno yanavyoachana ndivyo mpira huo unavyopungua. Meno marefu tena hupinda unapolaza baiskeli kwenye kona. Utaisikia baiskeli ikitikisika kidogo kana kwamba upepo umepungua, kumbe ni meno yanayolala na kuinuka.

Kwa hiyo tairi la safari mchanganyiko linapaswa kuwa na maeneo mawili yenye kazi tofauti. Katikati, sehemu inayogusa lami ukienda wima, meno yawe yameshikana au yawe na mstari usiokatika, na yasizidi milimita mbili au tatu kwa kimo. Pembeni kuwe na meno yanayosimama zaidi na yaliyoachana kiasi, ambayo hayagusi lami kabisa ukienda moja kwa moja, bali huingia kazini gurudumu linapozama mchangani au unapokunja kona kwenye moramu. Ili kuhakikisha dukani, simamisha tairi kwenye sakafu bapa na ulitazame usawa wa jicho: ikiwa meno ya pembeni yanagusa sakafu pamoja na ya katikati, litanguruma kwenye lami.

Kwa wanaotaka mfano wa kulinganishia, Schwalbe Hurricane ina katikati karibu laini na meno pembeni, na inamfaa mtu wa lami nyingi. Maxxis CrossMark ina meno ya katikati yaliyofuatana hadi kuwa karibu mstari mmoja, nayo ni nzuri kwa nusu kwa nusu. Kenda Small Block Eight ina meno mengi madogo yaliyosongamana, hupita upesi kwenye moramu kavu na sindano za mivinje, ila mfinyanzi huyajaza mara moja. Siyataji majina haya ili uyatafute hayo tu. Ukishajua sura ya kila aina, utaitambua hata kwenye tairi la jina usilolijua.

Pinda tairi na uujaribu mpira kwa kucha. Mpira mgumu sana, ambao kucha haiachi alama hata ya kupita, hudumu, lakini huteleza kwenye kabro iliyolowa. Mpira laini sana hushika vizuri na huliwa na lami ya joto. Kwa gurudumu la nyuma vumilia ugumu kidogo. Kwa la mbele usikubali.

Hatua ya tano: mwili wa tairi na kinga ya pancha

Ndani ya mpira kuna kitambaa cha nyuzi, na watengenezaji wengi huandika idadi ya nyuzi kwa kila inchi, ikiambatana na herufi TPI. Tairi la nyuzi 27 au 30 ni zito, gumu na la bei ya chini. La nyuzi 120 ni jepesi na hujikunja vizuri juu ya mawe, lakini ubavu wake ni mwembamba. Nyuzi 60 ndizo ninazozipendelea kwa jiwe la matumbawe. Ukingo wa tairi huwa wa waya au wa nyuzi ngumu zinazoweza kukunjwa. Wa waya ni wa bei nafuu na unatosha, isipokuwa kwamba chumvi ya bahari huweza kuufikia waya huo ikiwa mpira umechubuka.

Adui mkubwa wa tairi Mombasa ni kitu kidogo mno. Malori yanayokwenda na kutoka bandarini hupasua matairi, na matairi hayo huacha barabarani vipande vya waya vyembamba kama uzi, hasa Changamwe, Miritini na pembezoni mwa barabara kuu. Waya huo huingia kwenye tairi la baiskeli bila kuonekana, hutoboa tyubu kwa tundu dogo sana, na baada ya kuziba pancha hutoboa tena mahali pale pale, hadi mtu akaamini kwamba tyubu ni mbovu. Kuupata, ligeuze tairi ndani nje na upitishe kipande cha pamba au kitambaa laini polepole mzunguko mzima. Pamba itanasa kwenye ncha ambayo kidole hakiihisi. Utoe kwa koleo nyembamba ukiuvuta kutoka nje, si kwa kuusukuma kwa kidole.

Kwa ajili ya waya huo na mbigili za njia za vichakani, ukanda wa kinga ulio chini ya meno una thamani kuliko jina la tairi. Tairi lenye ukanda huo ni zito kidogo, na kwa mtu anayekwenda kazini uzito huo unastahili kubebwa. Ikiwa tairi ulilopata halina, mafundi hukata utepe kutoka kwenye tyubu kuukuu ya pikipiki na kuutandika ndani. Mbinu hiyo inafanya kazi, mradi kingo za utepe zipunguzwe hadi ziwe nyembamba na ncha zake mbili zisipandane kwa unene, la sivyo utepe wenyewe utaikwangua tyubu.

Matairi yasiyo na tyubu, yanayotumia maji ya kuziba pancha, ni mazuri kwa anayeendesha kwenye njia mbaya kila mara, kwa kuwa unaweza kupunguza upepo bila kuogopa tyubu kubanwa. Lakini maji hayo hukauka, na kwa joto la pwani hukauka mapema, hivyo yanahitaji kuangaliwa kila baada ya miezi miwili au mitatu. Rimu nayo lazima iwe imetengenezwa kwa kazi hiyo. Asiyekuwa na uhakika wa kuyapata maji hayo kila yanapohitajika abaki na tyubu.

Mbele na nyuma si lazima yafanane

Gurudumu la mbele huongoza na hufunga breki. La nyuma hubeba uzito mwingi na husukuma. Likiteleza la nyuma, mara nyingi unabaki juu ya baiskeli. Likiteleza la mbele, unaanguka. Kwa sababu hiyo weka mbele tairi lenye meno ya pembeni yaliyo wazi zaidi na mpira laini zaidi, na nyuma lenye katikati iliyoshikana. Fedha zikitosha tairi moja zuri, lifunge mbele.

Dukani na kwa muuza mitumba

Rahisi huvunja upishi, lakini bei kubwa peke yake haikuhakikishii kitu ikiwa tairi limening'inia juani kwa muda mrefu. Likunje ubavu kwa vidole vyote viwili vya gumba na utazame: nyufa ndogo kama nywele ni dalili kwamba jua na hewa vimeshalikausha, na tairi hilo litapasuka hata kama meno yake ni mapya. Kwenye la mtumba angalia zaidi ndani kuliko nje. Kitambaa kisiwe na nyuzi zilizokatika, ukingo usiwe na kutu inayochungulia, na ukilizungusha kwenye rimu lisiwe na uvimbe. Tazama pia presha ya juu inayoruhusiwa, iliyochapwa ubavuni.

Nunua tyubu ya saizi inayolingana na upana wa tairi, na valvu inayoingia kwenye tundu la rimu yako. Kwa matumizi ya kila siku Mombasa valvu nene, ile inayofanana na ya gari, inarahisisha maisha, kwa kuwa kila pampu na kila kituo cha mafuta huiweza.

Kufunga

Ondoa tairi la zamani, kagua utepe wa rimu ili kichwa cha spoku kisije kutoboa tyubu kutoka chini, na uondoe mchanga na kutu kwa kitambaa. Tafuta mshale ubavuni unaoonyesha upande wa kuzunguka. Ingiza ukingo mmoja wote, tia tyubu upepo kidogo tu ipate umbo, iweke ndani, kisha ingiza ukingo wa pili kwa viganja ukianzia upande ulio mkabala na valvu na kumalizia kwenye valvu. Epuka bisibisi, vibanuo vya plastiki vinatosha. Kabla ya kujaza, bana tairi kwa vidole mzunguko mzima uone kama tyubu imebanwa mahali. Jaza nusu, zungusha gurudumu, na utazame ule mstari mwembamba uliochapwa karibu na rimu: ukiwa umbali sawa kote, tairi limekaa.

Presha

Tairi lile lile ni zuri au baya kulingana na upepo uliomo, na kulipima kwa kidole gumba hakutoshi, kwa sababu tairi pana huonekana gumu likiwa bado na upepo mdogo na ubavu mnene huficha tofauti. Pampu yenye geji ni ununuzi wa maana kuliko tairi la pili la akiba.

Eneo la tairi linalogusa ardhi hutegemea uzito unaolikandamiza na presha iliyomo. Upepo ukipungua, eneo huongezeka, na gurudumu halizami sana mchangani. Upepo ukizidi kwenye njia mbaya, baiskeli haiendi kasi bali inaruka, na nguvu ya miguu inaishia kumtikisa aliyeketi juu yake. Kwa tairi la 2.1 lenye tyubu, mtu wa kilo 60 aanzie PSI (kipimo cha presha kinachosomwa kwenye geji) 30 mbele na 34 nyuma kwa safari mchanganyiko, na kwa kila kilo kumi za ziada aongeze PSI 3 hivi. Mtu wa kilo 80 atakuwa na 36 na 40. Siku ya lami tupu ongeza nane au kumi, bila kuvuka kiwango cha ubavuni wala cha rimu. Kwa mchanga mrefu punguza nane au kumi, lakini usishuke chini ya 22 hivi, na ujazie tena kabla ya kurudi kwenye mawe.

Namba hizo ni za kuanzia. Ukipata pancha ya matundu mawili madogo yaliyokaa sambamba kwenye tyubu, hiyo ni rimu iliyoibana tyubu kwenye jiwe au ukingo wa barabara: ongeza PSI 3. Ikiwa mikono inakufa ganzi na gurudumu la nyuma linarukaruka kwenye moramu, punguza kwa kiasi hicho hicho. Badilisha kidogo kidogo, gurudumu moja kwa wakati mmoja, ili ujue kilicholeta nafuu.

Kwenye kituo cha mafuta uwe mwangalifu. Tairi la baiskeli lina nafasi ndogo ya hewa, na mashine iliyowekwa kwa ajili ya malori huweza kulijaza kupita kiasi ndani ya sekunde chache hadi likaruka kutoka kwenye rimu. Tia upepo kwa miguso mifupi na upime kila mara. Ama hofu ya kwamba jua la mchana litapasua tairi, imekuzwa. Tairi lililojazwa PSI 40 asubuhi, likapata joto la nyuzi 30 zaidi juani, hupanda PSI tano au sita tu. Linalopasuka ni lile lililokuwa limeshajazwa kupita kiasi au lenye ubavu uliokauka.

Chumvi, jua na uchakavu

Ukipita ufuoni, au karibu na bahari pale Mama Ngina siku ya kusi kali, suuza matairi na rimu kwa maji baridi ya kawaida siku hiyo hiyo, kwa sababu chumvi hushambulia waya wa ukingo, vichwa vya spoku na valvu. Mfuniko wa valvu usiachwe wazi. Usipake matairi mafuta ya kung'arisha wala oili chafu ya gari, hudhoofisha mpira. Baiskeli ikae kivulini, na ikiwa haitumiki kwa muda iachwe na upepo, kwa kuwa kusimama juu ya tairi lililolala hukunja ubavu na kuupasua.

Kagua upepo kila wiki, na mara moja kwa mwezi chokonoa vipande vya chupa na mawe vilivyokwama kati ya meno kabla havijazama. Mkato mdogo wa juu hauna neno. Mkato unaoonyesha nyuzi zilizokatika unataka kipande cha tairi kuukuu kitandikwe ndani kama dharura, na tairi lingine litafutwe. Gurudumu la nyuma huisha mapema zaidi kuliko la mbele. Katikati pakishakuwa kipara na ukanda wa kinga au nyuzi kuanza kuonekana, litupe. Hamisha la mbele lije nyuma ikiwa ubavu wake bado ni mzima, na ufunge jipya mbele.